Waranti Miezi Sita, Ila Nauli, Fundi na Stresi Ni Juu Yako

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kaachana na nani, nani kahamia Masaki na nani karudi kwao kimyakimya. Staa yupo kwenye stori hii, msijali, ila leo yeye sio mhusika mkuu. Mhusika mkuu ni neno moja tu ambalo siku hizi kila posti ya biashara lazima liwepo: WARANTI.

Niseme msimamo wangu mapema, ili mtu asisome mpaka chini ndo aanze kunishukia. Waranti ambayo haisemi nani analipa gharama kitu kikiharibika, hiyo sio waranti. Ni pambo la posti, kama zile alama za moto na vikopakopa. Na mjini hapa tunauziwa mapambo hayo kila siku.

Twende taratibu.

STORI YENYEWE

Kuna dogo anakaa Manzese Midizini. Jina simtaji, tumuite Dogo Biti, maana kazi yake ndo hiyo, anatengeneza biti chumbani kwake. Kitanda, meza, laptopu ya mtumba, kinanda kidogo na hedfoni. Wenzake wakilala yeye ndo anaanza kazi. Na chumba chenyewe ukuta ni mmoja na wa jirani, kwa hiyo spika hawezi kufungua usiku, mama wa upande wa pili atakuja kugonga mlango na mwiko. Hedfoni kwake sio urembo wa kupigia picha. Ni jembe.

Sasa siku moja akaona posti ya dada mmoja maarufu sana mjini. Mnamjua, ila hapa hatutaji mtu. Dada kavaa hedfoni, kafumba macho, anatikisa kichwa taratibu, chini kaandika: mzigo orijino, besi nzito, chaji siku nzima, waranti miezi sita. Namba ya muuzaji hiyo hapo.

Bei 85,000. Dogo alikuwa ana hela ya biti mbili, akajikusanya, akatuma kwa lipa namba. Boda akaleta mzigo jioni ile ile. Boksi limefungwa vizuri, kanailoni juu, stika inang'aa. Siku ya kwanza kitu kinapiga mpaka raha.

Siku ya kumi na moja sikio la kushoto likanyamaza.

Akabadilisha simu, kimya. Akaweka kwenye laptopu, kimya. Akazima akawasha, akachaji usiku kucha, kushoto kimya. Akamuandikia muuzaji.

"Habari za saa hizi bosi. Ile hedfoni upande mmoja hausikiki."

"Pole sana mdogo wangu. Usijali, ina waranti. Ipeleke dukani Kariakoo."

"Si ulisema mnaleta mpaka nyumbani, kaka?"

"Kuleta mzigo mpya tunaleta. Wa waranti mteja anakuja nao mwenyewe."

Hapo ndo utaanza kuelewa neno lenyewe. Mzigo ukija kwako una miguu. Ukitaka kurudi hauna.

Dogo akapanda mwendokasi pale Manzese, 750 kwenda na 750 kurudi, akashuka Gerezani, akazunguka na boksi lake mpaka akalipata duka. Kijana wa kaunta anamuuliza, "Nani kakuuzia?" Dogo akataja jina la kwenye Insta. Kijana akacheka. "Huyo sio wa hapa, anachukuaga mzigo tu kwetu. Ila acha tukusaidie."

Angalia hilo neno, "tukusaidie". Mtu kalipa 85,000 sasa anasaidiwa.

Msaada wenyewe ukawa hivi. Fundi wa kufungua ni 15,000, hiyo waranti haihusu kwa sababu fundi sio wa duka. Dogo akatoa. Njoo wiki ijayo. Wiki ijayo akaja, fundi kasafiri. Akaja tena, "spea inatoka China, vumilia." Safari ya nne akaambiwa fundi kaona dalili za jasho ndani, na jasho halimo kwenye waranti. Halafu hata kama sio jasho, stika imeshabanduka, na stika ikibanduka waranti imekufa.

Dogo akauliza swali ambalo mimi nalipenda mpaka leo: "Bosi, stika si kaibandua fundi wako?"

Hakuna aliyejibu. Wakampa ofa. Arudishe kimeo chake, wamkate 30,000 kwenye hedfoni mpya ya aina ile ile. Maana yake aongeze 55,000.

Na akaongeza. Kabla hujamuita mjinga, kumbuka kulikuwa na msanii anasubiri biti na keshatoa advansi. Siku nane zote alikuwa anakodi hedfoni ya mshikaji kwa 3,000 kwa siku. Mtu anayelipia jembe la kukodi hana muda wa kubishana na mwenye duka.

Tupige hesabu basi.

Hedfoni ya kwanza 85,000.
Nauli safari nne 6,000.
Fundi 15,000.
Kukodi siku nane 24,000.
Kuongezea 55,000.

Jumla 185,000. Kwa hedfoni ya 85,000. Yenye waranti.

HELA INA WENYEWE WENGI, KIMEO KINA MWENYEWE MMOJA

Watu wengi wakisikia stori kama hii wanasema "Kariakoo matapeli". Mimi sikubaliani. Ukisema hivyo unakosa kuona tatizo lilipo.

Angalia mzigo ulivyotembea. Kuna mtu kaagiza China, labda Guangzhou, labda Yiwu. Kaleta kontena au kachangia kontena na wenzake. Kauzia duka la jumla. Duka likamuachia winga. Kwa asiyejua, winga ni yule kijana asiye na duka wala stoo. Ana simu, ana picha kali na ana mdomo. Mteja akipatikana anakimbilia dukani, anachukua mzigo, anaweka cha juu chake, anampa boda. Halafu winga kamlipa staa atangaze. Halafu ndo wewe.

Hapo kuna watu wanne juu yako, kila mmoja kapata chake. Mwagizaji kapata, duka limepata, winga kapata, staa kapata tena bila kugusa boksi zaidi ya dakika mbili za video. Sasa uliza, kati ya hao wanne, waranti kaishika nani?

Mwagizaji hakujui. Duka linasema halikukuuzia wewe, limemuuzia winga. Winga anasema yeye hana fundi, nenda dukani. Staa, nilimuona kwa macho yangu akiwajibu watu kwenye posti yake, "Mimi natangaza tu jamani, mambo ya mzigo muulizeni muuzaji." Baada ya siku mbili komenti zikafungwa.

Yaani hela ikitoka kwako inapita kwa wote. Kimeo kikirudi kinakuta milango minne imefungwa. Huo ndo mchezo, na hauhitaji tapeli hata mmoja. Kila mtu anaweza kuwa mkweli kwenye kakipande kake na bado wewe ukalizwa mzima mzima.

Ndo maana nasema neno "waranti" peke yake halina maana. Lazima liwe na jina la mtu. Waranti ya nani? Ya kiwanda, ya duka, au ya winga? Ya kiwanda inahitaji kiwanda kiwe na wakala hapa nchini wa kuipokea, na mizigo mingi inayoingia kwa njia ya kuchangia kontena haina wakala. Ya duka inahitaji risiti ya duka. Ya winga inahitaji winga asikublok.

TUWE NA HAKI PIA KWA MUUZAJI

Sasa wafanyabiashara wasianze kunitumia sauti ndefu WhatsApp. Najua na nyie mna yenu.

Nimekaa sana kwenye kibanda cha jamaa mmoja anauza chaja na iafoni karibu na daraja la Manzese. Mambo anayoletewa utacheka mpaka ulie. Mtu kaangusha iafoni kwenye ndoo ya kufulia, kaianika juani, kaja nayo bado ina harufu ya sabuni: "Braza, imezima yenyewe." Mwingine kanunua kwake nzima, karudisha nyingine mbovu ya zamani ya rangi ile ile. Mwingine kavaa wiki nzima kwenye mizunguko yake, anataka hela yake kwa sababu kaona rangi nzuri zaidi kwa mwingine.

Na faida ya kibanda ni ndogo. Mtu akiuza iafoni ya 10,000 anabaki na buku mbili tatu. Akibadilisha moja bure, kazi ya iafoni tatu nne imekwenda na maji. Kwa hiyo naelewa kwa nini watu wanaandika kwenye risiti "mali ikishauzwa hairudishwi". Sio roho mbaya tu. Ni woga.

Ila jamaa huyu huyu wa darajani nimemuona anafanya kitu ambacho maduka makubwa yamemshinda. Yeye hatoi miezi sita. Anatoa siku saba. Ukinunua anaichomeka mbele yako, unasikiliza kushoto, unasikiliza kulia, unapiga simu, anaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boksi. Ndani ya siku saba ikifa bila kuvunjika wala kulowa, anakupa nyingine pale pale. Hakuna fundi, hakuna njoo kesho. Siku ya nane, ni yako na Mungu wako, na kakwambia kabla hujatoa hela.

Nani mwenye waranti hapo? Mimi nitachukua siku saba za jamaa wa kibanda kuliko miezi sita ya yule dada wa Insta. Siku saba zile zina mtu nyuma yake.

SHERIA INASEMAJE

Hapa ndo patamu, na hapa ndo wengi tunapigwa kwa kutojua.

Watu wanadhani haki yako inaanza pale muuzaji anapoamua kukupa waranti. Asipokupa, huna kitu. Sio kweli. Kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ipo tangu enzi za mkoloni. Kwa lugha ya mtaani inasema hivi: ukimwambia mfanyabiashara unataka kitu kwa kazi fulani, ukategemea ujuzi wake, kitu alichokupa kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Na ukinunua kitu kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza vitu vya aina hiyo, kinatakiwa kiwe na ubora wa kuuzika. Hedfoni ya sikio moja ubora wake wa kuuzika uko wapi?

Sheria ile ile inasema ukikikagua kitu kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ungeiona. Hiyo ni haki, boksi likipasuka mbele yako ukalichukua ni juu yako. Lakini waya uliolegea ndani ambao utakatika siku ya kumi na moja hauonekani hata ukikagua kwa tochi.

Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Hiyo ndo iliyoleta Tume ya Ushindani, ile tunayoiita FCC. Wengi tunaijua FCC kwa picha za bidhaa feki zinateketezwa, ila sheria yake ina sehemu nzima za kumlinda mlaji. Inakataza kumpotosha mteja, na imetaja kabisa upotoshaji kuhusu waranti na haki alizonazo mnunuzi. Sasa ukitangaza waranti miezi sita, mteja akija unamtoza kufungua, unamtoza spea, halafu fundi wako anabandua stika unasema waranti imekufa, mimi naita hiyo kupotosha. Wanasheria mnisahihishe hapo chini, ila mnisahihishe kwa Kiswahili cha kueleweka.

Kwa hiyo yale maandishi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" yasikutishe kama vile ni aya ya katiba. Yanafaa kwa mtu aliyebadilisha mawazo. Umenunua nyeusi, umefika nyumbani umetamani nyeupe, hapo kausha. Ila kitu kibovu sio mawazo yaliyobadilika. Ni muuzaji ambaye hajamaliza kutimiza ahadi yake.

Na kuhusu nani anabeba gharama, wenzetu wa Ulaya walishamaliza huo ubishi. Nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji anawajibika kwa miaka miwili kwa kitu kilichouzwa kikiwa na kasoro, na kutengeneza au kubadilisha ni bure. Bure maana yake hata gharama ya kukituma, kazi ya fundi na spea, vyote juu ya muuzaji. Uingereza sheria yao ya 2015 inampa mteja siku 30 za kurudisha kitu chenye kasoro na kudai hela yake yote. Hapo jirani Kenya wameiweka haki ya mlaji kwenye Katiba yenyewe ya 2010, ibara ya 46, kwamba bidhaa ziwe na ubora unaostahili.

Sisemi kesho tuwe kama Ulaya. Kibanda cha darajani hakiwezi kubeba miaka miwili, kitafungwa. Nasema tu kwamba swali la "nani analipa" sio swali la ajabu, na mteja wa Manzese akiliuliza sio mkorofi.

KWENYE SIMU TULISHAJIFUNZA

Kuna watu wataniambia Wabongo hatubadiliki, tunapenda bei chee. Jamani, mmesahau 2016?

Juni 2016 TCRA ilizima simu feki. Kabla ya hapo kulikuwa na kelele miezi na miezi, watu wanasema haiwezekani, mara tarehe 16 usiku mtu simu yake imegeuka kioo cha kujitazamia. Toka siku ile mtoto wa shule akinunua simu anajua kubonyeza nyota reli sifuri sita reli, anatuma namba kwenda 15090, anaona kama simu inaendana na jina lake. Tulijifunza kwa sababu kulikuwa na njia rahisi ya kuangalia, na kulikuwa na maumivu ukipuuzia.

Hedfoni haina namba ya kutuma popote. Hakuna mtu wa kuizima ikiwa feki, itajizima yenyewe siku ya kumi na moja. Kwa hiyo namba yetu ya kuangalia inabidi tuitengeneze wenyewe, na tunayo tayari, inaitwa risiti.

Najua neno risiti linaboa, linakumbusha matangazo ya TRA, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Wengi tunadhani ni kwa faida ya serikali tu. Lakini risiti ya mashine ndo karatasi pekee inayomtaja muuzaji kwa jina na namba yake ya mlipakodi, inataja tarehe, inataja kiasi. Yaani ile milango minne niliyosema juu, risiti ndo inakwambia mlango upi ni wako. Ukikubali "bei bila risiti", punguzo unalopewa ndo bei uliyoiuza haki yako. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaipoteza na habari tunayo, tumepiga na picha.

SASA TUFANYE NINI

Sipendi mtu anayelalamika halafu anaondoka. Haya ni mambo ya kufanya kabla hujatoa mkwanja, na hayahitaji uwe mwanasheria.

Kwanza, uliza maswali matatu kwa maandishi, sio kwa kupiga. Waranti ni ya nani? Ikiharibika nairudisha wapi na nauli ni ya nani? Fundi na spea nalipia au silipii? Andika WhatsApp, subiri ajibu. Muuzaji mzuri atajibu kwa mistari miwili. Mbabaishaji atakutumia sauti ya dakika tatu isiyo na jibu, au atakwambia "wewe njoo tu mpendwa". Ukiona hivyo, jibu umeshapata.

Pili, uliza vitu ambavyo havimo. Jasho? Maji? Kuanguka? Stika ikibanduliwa na fundi wa duka inakuwaje? Usione aibu. Hedfoni inavaliwa Dar es Salaam, Januari, ndani ya chumba cha bati. Kama jasho halimo kwenye waranti basi uambiwe wazi kwamba unanunua hedfoni ya Lushoto.

Tatu, lipa kwa lipa namba ya biashara au benki, usitume kwenye namba ya mtu binafsi. Ile meseji ina jina na tarehe, itunze. Na risiti ya mashine dai, tena ipige picha siku hiyo hiyo, maana karatasi zile ukiziweka kwenye mfuko wa suruali mwezi mmoja maandishi yanafutika.

Nne, ifungue mbele ya boda au mbele ya kaunta, rekodi video. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, video za kupima zimejaa YouTube. Piga simu uone maiki. Chomeka chaji uone taa. Dakika tano tu. Boda akikwambia ana haraka, mwambie na wewe hela yako ilikuwa na haraka.

Tano, ikifa, usimpe mtu aifungue kabla hamjaandikiana. Na ukiambiwa kuna hela ya fundi, uliza swali moja: "Akikuta kosa ni la kiwanda, hela yangu inarudi?" Hapo ndo haki ilipo kwa pande zote mbili. Kama mteja kalowesha, alipe fundi. Kama kimeo kilitoka na ubovu wake kwenye boksi, muuzaji alipe. Hata jamaa wangu wa darajani kakubali hilo, na huyo jamaa ni bahili kuliko wote ninaowajua.

Sita, wakikuzungusha, andika malalamiko mafupi, taja tarehe, bei, majibu waliyokupa, weka picha, watumie wenyewe kwanza, kisha peleka FCC. Najua unasema nani atahangaika kwa 85,000. Sawa. Ila muuzaji anakuzungusha kwa sababu anajua utasema hivyo hivyo. Biashara nzima ya kukuzungusha imejengwa juu ya hiyo sentensi yako.

NENO KWA MASTAA

Mwisho narudi kwako dada yetu, na wenzako wote wenye wafuasi wengi kuliko wakazi wa baadhi ya wilaya.

Hakuna anayekukataza kula kwa jasho la sura yako. Kula. Ila ukiandika "waranti miezi sita" kwenye ukurasa wako, mtu wa Manzese haoni jina la winga, anaona jina lako. Yeye winga hamjui. Anakujua wewe, kakufuata toka unaanza, kakupigia kura, kakutetea kwenye komenti ulipotukanwa. Alichonunua pale ni imani yake kwako, hedfoni imekuja kama nyongeza.

Kwa hiyo kabla hujafumba macho na kutikisa kichwa, muulize anayekulipa yale maswali matatu. Muombe aandike kwenye posti hiyo hiyo: waranti ya duka fulani, kurudisha ni wapi, gharama ni za nani. Akikataa kuandika, ujue anachokodi kwako sio tangazo. Anakodi jina lako ajifichie. Na "mimi natangaza tu" sio jibu. Kama sifa za mzigo ulizijua za kutosha kuzitangaza, na ubovu wake ujue pa kuupeleka.

Wafanyabiashara nao nawaambia hivi. Tupeni bei mbili kama mnaona mzigo ni mzito. Bei hii, nabadilisha ndani ya wiki. Bei hii imezidi kidogo, nabeba miezi mitatu, fundi juu yangu. Sisi sio watoto, tutachagua. Wengi tutalipa hata kumi ya ziada tukijua kumi ile inanunua usingizi. Tunachokataa ni kuuziwa miezi sita kwa mdomo halafu tukiifuata tunakuta inauzwa tena, kipande kwa kipande, fundi huku, spea kule.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ulishawahi kudai waranti ukalipwa kweli bila kutoa hata mia? Duka usilitaje, sema tu ilikuwa kitu gani na walikulipia nini. Na kama wewe ni winga, njoo utuambie mzigo ukirudi, duka linakupokea au na wewe unafungiwa mlango? Dondosheni hapo chini, nasoma zote.